Nilitafuta vifaa vya kujazia risasi, nikarudi na mafuta ya cherehani: tathmini ya manunuzi yangu Arusha

Bunduki ninayoimiliki kwa leseni ni ya marisau, yaani shotgun inayorusha chembe nyingi ndogo za risasi kwa mpigo, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, iliyotengenezwa Birmingham kabla baba yangu hajazaliwa. Niliipata baada ya baba mkubwa kufariki na baada ya mimi mwenyewe kuomba leseni polisi, kwa kuwa leseni ya silaha hairithiwi pamoja na kitanda na baiskeli ya marehemu. Siku nyingi za mwaka haifanyi kazi yoyote. Hukaa ndani ya sanduku la chuma, na hutoka fisi wanapozoea zizi la mbuzi shambani kwetu upande wa Karatu, ambako mara nyingi mlio mmoja hutosha kuwarudisha walikotoka. Kwa matumizi ya namna hiyo mtu angedhani kwamba gharama ya risasi haiwezi kuwa jambo la kumsumbua, nami nilidhani hivyo mpaka risasi alizoziacha marehemu zilipoanza kuota ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake vya shaba na nikalazimika kutafuta nyingine.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo la bunduki kuukuu za Kiingereza. Chemba zake, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, zina urefu wa inchi mbili na nusu, ambazo kwenye makasha ya risasi huandikwa milimita 65, ilhali risasi nyingi zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70. Tofauti hiyo ya milimita tano inaonekana ndogo, tena ina hila ndani yake, kwa sababu urefu unaoandikwa kwenye risasi ya marisau ni wa ganda baada ya kufyatuliwa na mdomo wake kukunjuka. Kabla ya kufyatuliwa ganda huwa fupi zaidi, na kwa hiyo risasi ya milimita 70 huingia vizuri kabisa katika chemba ya 65 na bunduki hufungika bila kulalamika. Inapolipuka, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kukunjuka, njia ya marisau hubanwa, na mgandamizo hupanda ndani ya chuma kilichopimwa kwa nguvu ndogo zaidi. Asomaye tathmini hii akiwa na bunduki ya urithi aanze kwa kusoma alama zilizogongwa chini ya mitutu kabla ya kununua kitu chochote.

Kwa kuwa risasi za 65 ni adimu na bei yake hufuata uadimu huo, nilijiwa na wazo ambalo sasa naliona la kijinga, ingawa si langu peke yangu: kwa nini nisijijazie mwenyewe?

Kujaza risasi upya ni burudani ya kawaida sana Marekani, na hoja yake ya kiuchumi ni ya kweli. Risasi ina sehemu nne au tano: ganda, fataki ya kuwashia iliyo kitakoni, baruti, kizibo kwa zile za marisau, na risasi yenyewe au marisau. Katika bunduki za kuwindia wanyama wakubwa, kwa mfano .375 H&H ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wengi wanaopita Arusha bado wanaitumia, ganda la shaba ndilo ghali kuliko sehemu nyingine zote, na linaweza kutumika mara kadhaa. Anayeokota maganda yake hupunguza gharama kwa kiasi kinachoonekana. Makampuni kama Lee, RCBS na Hornady yamejenga jina kwa kuuza mitambo midogo ya mezani kwa ajili ya kazi hiyo, na Lee ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kifaa rahisi kinachohitaji nyundo na meza tu. Nilitumia jioni kadhaa nikitazama bei hizo mtandaoni, na nakiri kwamba zilinitia tamaa.

Hesabu ya marisau, hata hivyo, haina utamu huo. Ganda lake ni la plastiki lenye kofia ya chuma, nalo ni rahisi tangu mwanzo. Kinachokula fedha ni marisau yenyewe, ambayo ni madini ya risasi na Wamarekani huyauza kwa mfuko wa ratili 25, yaani kilo 11.3. Ukipima gramu 28 kwa kila ganda, mfuko mmoja hutoa risasi 400 hivi. Mimi kwa mwaka sifyatui hata kumi. Ningehitaji kuishi miaka arobaini zaidi ili niumalize mfuko mmoja, na bado ningekuwa sijalipia baruti, fataki, vizibo wala mtambo. Akiba hiyo ni ya mtu anayepiga visahani vya udongo kila Jumamosi, na hapo hapo Marekani wapo wanaolalamika kwamba kwa marisau ya kawaida wanaokoa fedha kidogo kuliko muda wanaoupoteza.

Pamoja na hesabu hiyo kuna mambo mawili ambayo hayajadiliki. La kwanza ni sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inauchukulia utengenezaji wa risasi kuwa shughuli ya mwenye leseni ya utengenezaji, na leseni yangu ni ya kumiliki bunduki moja, haina neno kuhusu kiwanda cha uani. La pili ni usafiri. Baruti na fataki huhesabiwa kuwa vilipuzi, posta za dunia haziruhusu vilipuzi ndani ya vifurushi, na kampuni za usafirishaji wa haraka kwa kawaida huvikataa. Nilimpigia simu binamu yangu anayeishi Marekani nikiwa na ile imani yetu ya kawaida kwamba ndugu aliyeko ughaibuni hukosi kumwagiza kitu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba abiria wa ndege mwenye vibali huweza kuruhusiwa kubeba risasi kamili zisizozidi kilo tano kwenye mzigo uliokaguliwa, kwa matumizi yake mwenyewe, na ndivyo wawindaji wanaoshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wanavyofanya; lakini baruti iliyo kwenye kopo na fataki zilizo kwenye kasha hazipandi ndege ya abiria hata kwa gramu moja. “Kaka,” aliniambia, “mimi nitakuletea viatu.”

Nikaenda kwa muuzaji mwenye leseni, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Sitalitaja duka hilo kwa jina, kwa sababu biashara ya namna hii haihitaji watu wa kuizungukia. Liko katikati ya mji wa Arusha, mlango wake ni wa chuma wenye tundu la kutazamia, na ndani yake hakuna kabati za vioo za kuvutia macho kama tunavyoona kwenye filamu. Mzee anayelisimamia huzungumza polepole, na jambo la kwanza alilolifanya baada ya mimi kumpa shikamoo lilikuwa kuomba leseni na kitambulisho, akavisoma vyote viwili mpaka mwisho. Nilipomwambia kwamba bunduki ni ya Birmingham hakuniuliza nataka kasha ngapi. Aliniuliza chemba zake zina urefu gani. Nilipojibu, alirudisha kwenye rafu kasha la milimita 70 alilokuwa ameshalishika.

“Hizi zingeingia, mwanangu,” alisema, “na ningekuwa nimepata fedha yangu leo. Kesho angekuja mkeo kuniuliza.”

Kwa kauli hiyo peke yake ningempa nyota zote. Muuzaji anayekataa kuuza ni mtu adimu mjini hapa, hasa kwa mteja aliyekwisha kutoa pochi mezani. Alipokea oda yangu ya kasha moja la risasi 25 za milimita 65, akaniandikia stakabadhi, akanieleza bila kuficha kwamba zitakuja pamoja na shehena nyingine na kwamba hatapunguza bei. Nilisubiri wiki kumi na moja. Hapo ndipo ninapotoa lawama, kwa sababu katika wiki zote hizo sikupigiwa simu hata mara moja, na kila nilipopita kuuliza niliambiwa “bado kidogo”, maneno ambayo katika mji huu huweza kumaanisha kesho au Krismasi. Zilipofika, idadi iliandikwa kwenye daftari la duka pamoja na namba ya leseni yangu, nikasaini, nikapewa kasha likiwa limefungwa na karatasi zake. Bei yake ilikuwa juu ya ile ya risasi za kawaida, ila haikuwa ya kumtisha mtu asiyefyatua ovyo. Siitaji hapa kwa kuwa hubadilika kwa kila shehena na sitaki mtu aende kugombana na mzee wa watu akiwa na tathmini yangu mkononi.

Faida kubwa zaidi niliyoipata dukani kwake haikuwa na bei. Niliuliza nifanye nini na zile risasi za marehemu zilizoota kijani, akauliza zilitunzwaje. Nikamwambia: ndani ya mkanda wa ngozi wenye vitanzi, ule wa kujifunga kiunoni, uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango tangu enzi. Akatikisa kichwa. Ngozi hubaki na tindikali ya dawa zilizotumika kuilainisha, tena hunyonya unyevu wa masika na kuuhifadhi, na shaba inayoguswa na vitu hivyo viwili kwa miaka haina budi kuchanua kijani. Mkanda ni wa kuvaa asubuhi na kuvua jioni, hautengenezwi uwe ghala. Risasi hukaa ndani ya kasha lake, mahali pakavu, chini ya kufuli lisilokuwa la bunduki. Zile zilizoharibika aliniagiza nizipeleke kituo cha polisi kilichoandikisha leseni yangu, nisizifyatue, nisizifungue na nisizitupe shimoni, nami nilifanya hivyo. Zilikuwa kumi na tisa. Risasi kumi na tisa za milimita 65, zilizoliwa na mkanda wa ngozi wakati mimi natafuta mtandaoni mashine ya kuokoa fedha!

Kisha akachungulia ndani ya mitutu kwa kurunzi ndogo na kuniambia kwamba huko nako masika imeshaanza kupiga hodi. Nilihitaji vifaa vya kusafishia, na yeye wakati ule hakuwa navyo.

Sehemu inayofuata ndiyo itakayowafaa wengi, kwa kuwa vifaa vya kusafishia havihitaji kibali cha vilipuzi na unaweza kweli kuchagua kati ya mtandao na mtaa. Nilijaribu njia zote mbili.

Mtandaoni niliagiza seti ya kusafishia bunduki ya marisau: fimbo ya alumini ya vipande vitatu, brashi ya shaba, brashi ya sufi, kichwa cha kushikia kitambaa, kichupa kitupu cha mafuta, na vipande viwili vya alumini vyenye umbo la risasi ambavyo hutumika kupumzisha springi za vifyatulio bila kudhuru pini. Bei ya seti ilikuwa Sh 31,000. Usafirishaji mpaka Dar es Salaam, ushuru na VAT ya asilimia 18, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi la kuja Arusha, viliongeza Sh 27,000. Sikuagiza kopo la dawa ya kupulizia ingawa lilikuwa kwenye tangazo hilo hilo, maana makopo ya gesi yenye kimiminika kinachowaka nayo yana masharti yake angani, na wauzaji wengi huyaondoa kimya kimya kwenye mzigo baada ya kukutoza.

Kifurushi kilikwama. Wakala niliyemtumia alikifungua, akaona vile vipande viwili vya alumini, na akashawishika kwamba nimeingiza risasi. Sikumlaumu kwa kushtuka. Umbo ni lile lile. Nilimlaumu kwa kukaa na mzigo siku kumi na sita bila kuniarifu, kisha kunidai fedha ya kuhifadhi mzigo ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuzuia. Ilinibidi nipeleke nakala ya leseni na picha ya vipande hivyo vikiwa vimekatwa katikati, niliyoikuta kwenye tangazo la muuzaji, ndipo ukaachiwa. Ushauri wangu kwa mwingine ni huu: usiagize kwa kifurushi cha kawaida kitu chochote chenye sura ya risasi, hata kiwe cha mbao. Mwachie muuzaji mwenye leseni akuletee.

Seti yenyewe ilikuwa ya wastani, na kasoro zake zinastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu picha za mtandaoni haziwezi kuzionyesha. Brashi iliandikwa kuwa ya shaba. Niliisogezea sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ikarukia na kung'ang'ania. Shaba halisi, iwe imechanganywa na bati au na zinki, haivutwi na sumaku. Nyuzi zile zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma juu ya chuma ndani ya mtutu laini wa zamani ni kusugua kioo kwa msasa. Sijaitumia. Haki ni haki, huenda ile waya ya katikati tu ndiyo hufanya sumaku inase kwenye baadhi ya brashi nzuri, kwa hiyo jaribu kwenye ncha za nyuzi na usijaribu kwenye kishina. Brashi ya sufi ilikuwa safi na bado ninaitumia.

Kasoro ya pili ilikuwa kwenye hesi, ambayo mafundi wetu huiita thredi. Baba mkubwa alikuwa ameacha brashi moja nzuri ya Kiingereza, kichwa chake kizito na nyuzi zake bado zimesimama, nami nilitumaini kuifunga kwenye fimbo mpya. Fimbo za marisau za Kimarekani, ambazo seti nyingi za bei nafuu huziiga, zina hesi yenye unene wa 5/16 ya inchi na mizunguko 27 kwa inchi. Za Kiingereza zina unene huo huo na mizunguko 26. Kwa jicho huoni tofauti. Ukizungusha, huingia mara mbili au tatu vizuri, halafu hukaza, na mwenye haraka huongeza nguvu na kuviharibu vyote viwili. Bahati yangu nilisimama kabla ya kufika hapo.

Suluhisho lilipatikana mtaani. Fundi wa kukereza vyuma upande wa Unga Limited alinitengenezea kiungo kifupi cha shaba, upande mmoja 27 na mwingine 26, kwa Sh 10,000. Aliniuliza ni cha pampu gani, nikamwambia ni cha fimbo ya kusafishia, naye hakutaka maelezo zaidi. Alipima kwa kipimo chake cha meno, akakosea mara moja, akatupa kipande, akaanza upya bila kuniongezea bei. Kazi ilichukua saa moja na nusu, ambazo nilizitumia kusikiliza ubishi wa Simba na Yanga kwenye benchi la nje.

Kama ningeanza upya leo, hata fimbo nisingeiagiza. Seremala jirani yangu alinichongea nyingine ya mninga, ya kipande kimoja, ndefu kuliko mtutu kwa shubiri moja, akailainisha kwa msasa na kuipaka nta, kwa Sh 8,000. Fimbo ya mbao isiyo na viungo haina mahali pa kukwaruza, wakati ile ya alumini huinama kidogo kwenye kila maungio, na alumini laini hunasa chembe za mchanga ambazo hugeuka kuwa tupa. Ninaitumia ya mninga kwa vitambaa na ya alumini kwa brashi tu.

Vitambaa havina haja ya kuagizwa kutoka popote. Zile pakiti za vipande vyeupe vya pamba vilivyokatwa mraba huuzwa mtandaoni kwa bei inayonifanya nicheke. Nilikwenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi, nikamwambia mama mmoja wa mitumba kwamba nataka fulana za pamba tupu, zisizo na nailoni, na zisizofaa kuvaliwa. Alinitazama kwa huruma, akanichagulia nne kwa Sh 2,000. Zimekatwa, zinajaza ndoo ya lita tano, na bado sijaifikia nusu.

Kuhusu mafuta nina maoni makali. Dukani utauziwa WD-40 na kuambiwa inafaa kwa kila kitu chenye chuma. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, ambayo tangu ilipobuniwa mwaka 1953 ni kufukuza maji, na ninaipuliza bunduki inaporudi imelowa. Haikubuniwa iwe ulinzi wa miezi. Ballistol ya Wajerumani na Hoppe's No. 9 ya Wamarekani, ambazo zote zimekuwepo tangu mwanzo wa karne iliyopita, zinastahili sifa zake, ila kuzipata Arusha ni suala la bahati na bei yake hupanda mlima. Nilichokitumia badala yake ni mafuta ya cherehani, kichupa cha Sh 2,000 kutoka duka la vifaa vya mafundi nguo. Ni mafuta mepesi ya madini, hayagandi, hayanuki, na yametengenezwa kwa ajili ya vyuma vidogo vinavyosuguana. Tone moja kwenye bawaba, kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa nje ya mitutu, na kazi imekwisha.

Kwa kulainisha masizi ya baruti na utando wa madini ya risasi ndani ya mtutu nilichanganya mafuta ya taa na mafuta ya giaboksi otomatiki kwa kipimo sawa, mchanganyiko ambao kwa namna moja au nyingine unajulikana sana kwa walenga shabaha wa Marekani. Mafuta ya taa si ya bei ya zamani tena, tangu serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011 ili kuwakomesha wachakachuaji waliokuwa wakiyatia kwenye dizeli, lakini robo lita hudumu mwaka mzima. Kazi hiyo hufanyika nje, mbali na jiko, na kitako cha mbao kikiwa kimeinuliwa ili kisinyonye. Mtutu hupitishwa kitambaa chenye mchanganyiko, huachwa nusu saa, hupigwa brashi kutoka nyuma kwenda mbele, hukaushwa kwa vitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha hupewa mafuta ya cherehani. Vitambaa hivyo vina risasi ya madini, ambayo ni sumu, kwa hiyo usifanyie kazi meza ya chakula, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto au ugali.

Mafuta ya alizeti, ambayo jamaa yangu mmoja aliyapendekeza kwa bidii, hugeuka utando wa kunata kama gundi baada ya miezi michache, na kifyatulio kilichonata hakina tofauti na kifyatulio kibovu. Baba mkubwa alikuwa akipaka mafuta ya kondoo. Sina la kusema juu ya hilo, isipokuwa kwamba panya walikuwa wakiipenda sana bunduki yake.

Kwa jumla nilitumia Sh 58,000 kwa seti ya mtandaoni, ambayo ndani yake ninatumia brashi ya sufi, kichwa cha kitambaa na fimbo kwa nusu ya kazi. Mtaani nilitumia chini ya Sh 40,000, kiungo cha shaba, fimbo ya mninga, fulana na mafuta yote yakiwemo, na hakuna nilichokijutia. Seti ya mtandaoni naipa nyota mbili kati ya tano, moja ikiwa ya brashi ya sufi. Wakala simpi kitu. Muuzaji wa risasi nampa nne. Ya tano imebaki kwenye zile wiki kumi na moja.

Masika imepita tangu nilipoanza utaratibu huu. Nilipoichunguza mitutu mwishoni mwa Mei haikuwa na doa jipya, na lile kasha la risasi 25 lina 23, vichwa vyake bado vya rangi ya dhahabu. Mkanda wa ngozi umerudi nyuma ya mlango, na watoto wanatunzia betri za kurunzi kwenye vitanzi vyake.